Adui Mwenye Nyota Tatu

Nimekulia kwenye soko la Kenya. Kenya ya Lubumbashi, mtaa wa huku Kongo, ndugu zetu wa Nairobi watusamehe. Pale nilifundishwa kwamba bei ukiisema sana inashuka: unataja nusu, unacheka, unaondoka hatua tano, unaitwa. Kwa elimu hiyo nikaingia eBay, soko la mtandaoni, kununua kwa mnada, ambako bei ukiisema inapanda, na ukiondoka hakuna wa kukuita.

Kisa ni overloki. Mke wangu, Mama Nathalie, anashona hapa nyumbani Katuba, na mwezi wa saba ndipo wazazi wanaanza kuleta oda za mashati meupe na suruali za bluu za shule. Overloki yake, ile mashine inayokata kingo za kitambaa na kuzifunga zisifumuke, ilikuwa imekufa. Akawa anafunga kwa zigizaga, na wateja wanaangalia upande wa ndani wa nguo wakiguna. Nikaamua kumshtukiza. Nikaona Brother 1034D iliyokwisha kutumika, nyuzi 3 au 4, mishono 1,300 kwa dakika, muuzaji yuko California. Bei ya kuanzia dola 19.99, mnada wa siku 7. Hilo jina Brother lilikuwa onyo, lakini sikulisoma hivyo.

Kujiandikisha ni dakika kumi. Kazi iko kwenye kadi na anwani. Kadi nilichukua benki mjini, Visa ya kujaza, nikaweka dola 200 tu ili nikishikwa na wazimu inikatalie. Anwani ni shida kubwa zaidi, maana wauzaji wengi wa Marekani hawatumi mzigo Kongo. Unakodi anwani kwa wakala wa mizigo. Wangu ana ghala Delaware, jimbo lisilotoza kodi ya mauzo, na kila mteja anapewa namba yake. Ukiandika namba yako kwenye mzigo, mzigo ni wako na deni ni lako. Namba hiyo tutakutana nayo tena.

Sasa dau. Kiasi unachoandika si lazima kiwe bei utakayolipa. Unaandika kikomo chako, mtambo unakificha, halafu unakupandishia hatua moja moja, kiasi cha kumzidi anayekufuata tu. Kati ya dola 25 na 100 hatua ni dola 1. Ukipita 100 hadi 250 ni dola 2.50. Kabla yangu alikuwepo mtu mmoja, j***7, aliyeficha dola 38. Nikaandika 60. Papo hapo bei ikaruka kutoka 19.99 hadi 39, yaani 38 zake na hatua moja juu. j***7 akaondoka bila kuaga. Kama nchi hii ingekuwa na amani, mashine ingekuwa yangu kwa dola 39.

Jumanne jioni akatokea k***a.

Majina ya washindani hufichwa: unaona herufi mbili na nyota tatu katikati, na pembeni idadi ya sifa alizopewa na watu aliofanya nao biashara. Huyu alikuwa na sifuri kwenye mabano. Mgeni kama mimi, na wageni ndio hatari, maana hawajui kuchoka.

Tulikuwa mezani, bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Simu ikatetemeka mfukoni: bei 46. Adui alikuwa ameweka 45, mtambo wangu ukamjibu. Kidogo tena: ameweka 55, bei 56. Shemeji yangu, mdogo wake Mama Nathalie, mwanafunzi anayelala chumba cha nyuma, alikuwa ametoka kunawa mikono. Akarudi amekunja uso.

«Shemeji, kula,» nikamwambia.

«Nimeshiba,» akajibu, akatoka tena. Simu ikatetemeka: bei 61, na siongozi mimi. k***a alikuwa amepandwa na hasira, ameweka 70.

Hapa ndipo wageni wote wanapoangukia. Adui alidhani upande wa pili kuna mtu amekodoa macho, anamjibu kwa sekunde. Kumbe ni mtambo tu, mimi nilikuwa namenya samaki. Naye akawa anaongeza vidogo vidogo kutafuta kikomo changu kilipo, na ukikitafuta hivyo unakipandisha wewe mwenyewe, kwa sababu bei ya mwisho haiwekwi na mshindi. Inawekwa na aliyeshindwa wa mwisho. Mimi niliyajua hayo yote, niliyasoma. Nikaweka 65, akabaki mbele kwa 66. Nikaweka 72, nikarudi mbele kwa 71. Niliona raha ambayo sijawahi kuiona hata kwenye mpira wa Mazembe.

Mzoefu hafanyi hivyo. Kwanza anachuja matangazo aone yale yaliyokwisha kuuzwa na bei zake, maana bei anayoomba muuzaji ni ndoto yake, bei iliyolipwa ndiyo habari. Anaamua kikomo kimoja, anakiandika kwa senti za ajabu kama 81.37 asifungane na mwenye 81 kavu, halafu anakiweka zikibaki sekunde chini ya kumi. Kwenye eBay muda hauongezwi kwa sababu mtu ameweka dau dakika ya mwisho. Saa ikifika imefika, na mshindani wako hana nafasi ya kukasirika.

Wiki nzima nyumba yetu ikawa na heshima ya ajabu. Shemeji alikuwa anatumia intaneti ya simu yangu, nilimfungulia mwenyewe asome masomo yake. Siku mega zangu zilipokwisha, k***a naye alinyamaza mpaka kesho yake nilipojaza. Nikasema moyoni: wazungu wamepumzika. Jumamosi bei ikafika 101, yeye mbele.

Mnada ulifungwa Jumapili saa 18:12 ya California, ambayo kwetu ni Jumatatu saa tisa na dakika 12 za usiku. Ukinunua kwa mnada wa mbali, saa hesabu mara mbili: miezi hii tofauti ni saa 9, wao wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa 11 inakuwa 10. Nikakaa sebuleni nimejifunika blanketi, maana baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa saba haina mzaha. Chini ya mlango wa chumba cha nyuma kulikuwa na mwanga. Mtoto anasoma, nikasema, Mungu amsaidie na mitihani. Zikibaki sekunde nane nikaweka 131.

Nimeshinda! Dola 130.50.

Niling'ata blanketi nisipige kelele. Chumba cha nyuma kitu kikaanguka kwa kishindo. Panya, nikasema.

Asubuhi shemeji alikuwa na macho mekundu. «Kuna watu wana roho mbaya, shemeji,» akaniambia akikoroga chai isiyo na sukari.

«Ni mtihani?»

Akafikiri. «Ni mtihani.»

Nikampa elfu tano za michopo, nyama choma yetu, ajifariji.

Siku mbili baadaye akaamka anaimba. Wakati ule sikujua kwamba muuzaji mwenye bidhaa ya pili inayofanana, au ambaye mshindi wake hakulipa, anaruhusiwa kumwandikia aliyeshindwa na kumpa nafasi nyingine, kwa bei ya dau lake la mwisho. (Ujumbe huo, ukija, uangalie ndani ya akaunti yako ya eBay, ukiupata kwa barua pepe tu na kwenye akaunti haumo, ni wezi.) Nilichojua ni kwamba aliomba namba yangu ya Delaware. «Nimeagiza kitabu,» akasema. Nikampa. Elimu hainyimwi mtu.

Wiki tatu zikapita. Wakala akatuma ujumbe: mizigo imefika uwanja wa ndege wa Luano, vipande 2, kilo 29, dola 377.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilo saba na nusu. Kwanza nilijifunza, nikiwa nimesimama, kitu ambacho kila msafirisha mizigo kwa ndege anakijua: haulipishwi uzito peke yake, nafasi pia inalipishwa. Unapima boksi kwa sentimita, urefu mara upana mara kimo, unagawa kwa 5,000. Kilo utakazopata zikizidi zile za mizani, unalipa hizo. Muuzaji wangu, mtu mwema, alikuwa ameiviringishia mashine mapovu ya plastiki kama mtoto mchanga, kwenye boksi la 46 kwa 41 kwa 38. Hiyo ni 71,668. Gawa, ni 14.33, wakala akapandisha hadi 14.5. Kwa dola 13 kilo, ni 188.50. Ilikuwa nimwombe mapema abane boksi. Lakini hata hivyo, vipande viwili vimetoka wapi?

Nikaenda kwenye ghala lao na suti, maana mtu akivaa suti haibiwi hivi hivi.

«Mimi nimenunua mashine moja,» nikamwambia karani. «Naapa kwa mama yangu.»

«Papa, ziko mbili. Zinafanana kama mapacha. Namba ni yako.»

«Basi mtu ameiba namba yangu!»

Nyuma yangu sauti ndogo ikasema: «Samahani, nimekuja kuchukua kitabu.»

Niligeuka polepole. Shemeji alikuwa ameshika karatasi iliyochapwa, na juu yake picha ya Brother 1034D. Alinitazama mimi, akatazama maboksi, akarudi kunitazama mimi. Karani akaacha kuandika; watu wa foleni nao wakasogea karibu, maana Lubumbashi hatukosi muda wa jambo zuri.

«Jina lako la huko ni nani?» nikauliza.

«Katangais_243,» akajibu, akiangalia viatu.

K, halafu nyota tatu, halafu a.

«Nilidhani wewe ni bibi kizee wa Texas,» akaongeza. «Kwa vile ulikuwa unajibu haraka sana. Nikasema huyu hana kazi.»

Tukafanya hesabu nyuma ya karatasi yake. Bila yeye ningelipa 39. Tofauti ni dola 91 na senti 50, na yote tuliitengeneza sisi wawili, katika nyumba moja, kwa mega zangu. Yeye alikuwa amelipa 128, akiba yake ya kuuza vocha chuoni, kwa kadi ya rafiki. Maana yake mimi niliyeshinda nililipa dola mbili na nusu zaidi ya aliyeshindwa. Usafiri wa ndani ya Marekani, dola 16, tulilipa kila mmoja wake. Dola 377 nililipa mimi, kwa sababu ghalani namba ilikuwa yangu, na mwanafunzi alikuwa na nauli ya kurudia tu.

Njiani tukapatana: tuziweke zote mbili mezani, Mama Nathalie akirudi sokoni akute zinanguruma. Plagi zao ni bapa, zetu za duara, nikanunua adapta barabarani, faranga elfu tatu. Ikaingia vizuri. Shemeji akasema, «Shemeji, tusome kwanza maandishi ya nyuma.» Nikamwambia mimi nilikuwa nachomeka vitu yeye hajazaliwa.

Maandishi ya nyuma yalisema 120 V. Adapta inabadilisha miguu ya plagi, umeme haiugusi kabisa. Ukutani kwetu ni 220. Taa ya mashine ilipasuka kwanza. Halafu, nilipokanyaga pedali, mota ilikimbia kwa namna ambayo mishono 1,300 ni mwendo wa kobe, ikapiga cheche, ikatoa moshi wa buluu wenye harufu ya raba. Mama Nathalie akafungua mlango.

Tulimweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kitunga bado kichwani. Kisha akauliza: «Sasa bei, mlikuwa mnabishana na nani?»

Hakuna aliyejibu.

Mashine ya pili, ya shemeji, ilipona. Transfoma ya kushusha 220 hadi 120, ya wati 300, dola 25 mjini, na inafanya kazi mpaka leo. Hertsi 50 badala ya 60 si neno kwa mota ya brashi kama hii. Ni volti tu zinazoua. Shemeji akanifariji kwamba kitu cha kwanza kuuzwa kwenye mtandao ule, 1995, kilikuwa kalamu ya leza mbovu ya mwanzilishi mwenyewe, Pierre Omidyar, kwa dola 14.83, na alipomwuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba ni mbovu, akajibiwa kwamba yeye anakusanya mbovu.

Basi Mama Nathalie akaamua kuiuza iliyoungua kwa mnada, kwenye kundi la WhatsApp la washonaji. Alifanya vizuri kuliko sisi. Picha nane mchana karibu na dirisha, pamoja na picha ya mahali palipoungua, maana kasoro usiyoionyesha itarudi na mwenyewe mlangoni. Akaandika kilichokufa: mota, pedali, taa. Akaandika kilicho hai: visu viwili, meno, mguu, vishika nyuzi. Bei ya kuanzia dola 10, hatua ya dola 2, mwisho Jumapili saa mbili kamili usiku, anayeshinda analipa kabla ya kubeba.

Akatuma. Haikupita dakika, simu yake ikalia. Mtu ameandika 12.

Akaisoma namba. Akamtazama shemeji. Shemeji alikuwa anatazama dari.

«Ni za spea tu, yaya,» akamwambia dada yake.

Simu ikalia tena. Kumi na nne.

Mama Nathalie akaweka kitunga chini, akanyoosha mkono. «Leteni simu hapa. Wote wawili.»