Nani Aliyefunga Lango la Shule?

Shule zinapofungwa kwa sababu ya maandamano, wazazi wengi huuliza kwa nini mtoto ambaye hakuhusika na ugomvi wa watu wazima ndiye anayelipishwa gharama yake. Swali hilo ni la haki, ila mara nyingi huulizwa kana kwamba jibu lake ni moja tu, yaani maandamano yapigwe marufuku.

Sheria ya kimataifa haielekei huko. Ibara ya 21 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inalinda mikusanyiko ya amani na kuruhusu iwekewe mipaka ya kisheria pale tu inapolazimu, ikiwa ni pamoja na kulinda haki za wengine, na elimu ni mojawapo ya haki hizo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitambua elimu katika Ibara ya 28, lakini katika Ibara ya 15 unampa mtoto mwenyewe haki ya kukusanyika kwa amani, jambo ambalo wanaomtumia mtoto kama ngao hulisahau. Wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, walioacha madarasa tarehe 16 Juni 1976, wakipinga kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans, waliandamana kwa ajili ya elimu yenyewe.

Hata hivyo, malalamiko ya wazazi yana uzito. Siku moja ya masomo hufidiwa. Wiki tatu kabla ya mtihani hazifidiki kwa urahisi, na anayeumia zaidi ni yule asiye na kitabu nyumbani wala mtu wa kumfundisha. Kwa hiyo kipimo kisiwe usumbufu, maana hakuna maandamano yasiyosumbua, bali muda, mahali, na nani hasa aliyesababisha shule ifungwe. Mwandamanaji anayeziba lango la shule au kuwatisha walimu amevuka mpaka. Serikali inayofunga shule za mji mzima kwa maandamano ya mtaa mmoja, au inayorusha mabomu ya machozi karibu na madarasa, nayo haiwezi kuwatwisha waandamanaji lawama zote.

Mgomo wa walimu ni mgumu zaidi, kwa kuwa hapo hakuna barabara ya kubadilisha wala saa ya kusogeza. Linalowezekana ni kuziacha siku za mitihani nje ya mgomo na kukubaliana ratiba ya kufidia vipindi kabla walimu hawajarejea kazini, kwani baada ya hapo kila upande utadai kwamba jukumu hilo ni la mwenzake.