Kikundi cha Mtu Mmoja

Andalio langu la somo limerudishwa likiwa na wino mwekundu. Eti halina "kazi ya vikundi". Mwanafunzi mwenyewe ni mmoja, muuguzi ninayemwandaa kwa Kiingereza cha kazi huko Leeds, Uingereza! Labda nimgawe, nusu yake ijadiliane na nusu ya pili.

Msimamizi wangu (simtaji, mshahara bado nauhitaji) anataka safu: dakika 5 utangulizi, 10 msamiati, 15 zoezi, na juu kabisa ile sentensi tuliyoikariri chuoni, "Kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze..." Aweze nini? Sista huyu amesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, na ripoti za zamu huandika kwa Kiingereza. Nikimwekea ukurasa wa nyakati za vitenzi ataumaliza kabla chai haijapoa, nami nitakuwa nimemla hela.

Siku ya kwanza sikumfundisha kitu. Tulikaa nyuma ya kibanda cha chai hapa Kondele, Kisumu, nikamwambia anipokee kama mgonjwa aliyefika wodini kwake huko Leeds, nikawasha kinasa sauti cha simu. Ukikisikiliza leo utasikia honi za bodaboda, kisha yeye: "Sorry, sit there. Remove the shirt."

Sarufi haina doa. Lakini kwa Kiswahili angesema, "Pole mama, keti hapo kidogo, tutoe shati." Heshima yote imo katika pole, mama, kidogo, na ile tu- inayomfanya muuguzi naye kama anavua. Alipovuka kwenda Kiingereza vitatu vya mwisho vilibaki ng'ambo, ikafika amri tupu. Na "sorry" yetu ya kumpa mtu pole, mzee wa Leeds atajiuliza kakosewa nini.

Nikampa wanavyosema wauguzi wa kule: "Could you just pop your shirt off for me?" Akakunja uso. "For me? Mwalimu, kwani mimi nalitaka shati lake?" Tulicheka hadi mwenye kibanda akaja kuangalia. Lakini swali hilo lilitupa saa nzima ya kazi: Kiingereza nacho kina adabu yake, ila kimeificha kwenye vijineno ambavyo hakuna aliyetufundisha shuleni. Sasa andalio la aina hiyo ningeliandika vipi Jumapili usiku, kabla hajafungua kinywa?

Lafudhi yake siigusi. Haina ugonjwa.

Haya, mtihani una mambo yake. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka alama 7 za IELTS, ndio huo mtihani wa Kiingereza, katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, na ile insha ya maneno 250 haisubiri mtu acheke. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili naweka saa mezani, dakika 40, kimya. Hapo msimamizi ameshinda, na safu zake nitazijaza.

Nimemrudishia karatasi leo asubuhi. Penye "kazi ya vikundi" nimeandika: Muuguzi na mgonjwa. Alhamisi mimi ni mzee wa miaka 80, nasikia kwa sikio moja, na kuoga sitaki.