Kabla ya kushika nyundo, uliza nyumba ina umri gani

Usiku ule maji yalirudi saa nane. Anayeishi kisiwani Mombasa anaujua mlio wake: mfereji unakohoa kwanza, unatoa hewa, unatema maji ya rangi ya chai, ndipo yanakuja meupe. Nyumbani kwa nyanya, Mji wa Kale, hatukusikia kikohozi. Tulisikia kishindo ndani ya ukuta wa ukumbini, na shangazi alipowasha taa maji yalikuwa yameshaufikia mkeka.

Fundi tuliyempata alikuja haraka, na kwa hilo namshukuru. Lakini hakuuliza neno. Aliona ukuta umelowa, akatoa tindo na nyundo, akaanza kuchimba. Nyanya alikuwa amekaa kitandani, leso kichwani, akamwambia mara mbili: "Mwanangu, ukuta huo ni wa mawe na chokaa. Pole pole."

"Usijali bibi, dakika tano tu."

Alipolifikia bomba, la chuma, kuukuu kuliko mamangu, akalibana kwa spana na kulizungusha kwa nguvu zake zote. Uzi wake ulikuwa umeliwa na kutu. Likakatikia ndani. Tundu lililokuwa dogo kama la sindano likawa la kidole gumba, na sisi tukaanza kuhangaika kutafuta koki ya kufungia maji. Tuliipata baada ya karibu saa nzima, barazani, nyuma ya ndoo na magunia, imeganda hata haizunguki. Kilichotuokoa ni kipande cha tyubu ya baiskeli kilicholetwa na kijana wa jirani. Alikizungusha kwenye bomba mara nyingi, akakivuta, akakifunga kwa waya. Maji yakapungua yakawa matone.

Tangu usiku ule nina neno moja ninalolirudia kwa kila anayenisikiliza: fundi wa dharura anayefanya kazi Mombasa lazima aulize umri wa nyumba kabla ya kufungua mkoba wake. Asipouliza, mwenye nyumba amwambie. Kazi ya kuzuia maji katika nyumba ya miaka mia si kazi ile ile katika ghorofa la miaka mitano, hata kama kinachovuja ni maji yale yale.

Chukua ukuta wa nyanya. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo unavuta unyevu na kuutoa, kama nguo iliyoanikwa. Ukilowa, uache upepo uufanyie kazi, utakauka. Fundi wetu alipomaliza, aliziba shimo lake kwa simiti, akalisawazisha vizuri, likang'aa. Sote tuliliona zuri. Baada ya miezi michache simiti ilikuwa imesimama imara, lakini chokaa iliyoizunguka ilikuwa ikivimba na kumwagika chini kama unga, na juu yake chumvi nyeupe imetoka. Maji yaliyonyweka ndani ya mawe hayakupata njia ya kutokea pale penye simiti, yakatafuta njia pembeni. Nilipopanda ngazi kuangalia juu, ncha ya boriti moja inapoingia ukutani ilikuwa laini. Niliibonyeza kwa kidole, ikabonyea. Boriti hiyo ndiyo iliyobeba chumba anacholala shangazi.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990, na watu wakisikia hifadhi wanafikiria milango ya nakshi na roshani. Mimi nafikiria mabomba. Mlango wa nakshi hauna maana ukuta unaoushika ukioza kwa ndani, na kinachouoza mara nyingi ni uvujaji mdogo uliozibwa kwa pupa usiku.

Hata hivyo si Mji wa Kale peke yake. Toka kwa nyanya, pita Makadara, kata Majengo, endelea hadi Tudor ninakoishi mimi. Ni mwendo mfupi kwa miguu, na utakuwa umepita nyumba za vizazi vitatu au vinne. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma, bomba lake kwa kawaida limepita nje, juu ya ukuta wa uani. Hilo ni jambo jema, unaliona. Tatizo lake ni wapangaji wengi, mfereji mmoja, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye atakayemwita fundi.

Majumba yaliyojengwa miaka ya hamsini na sitini yana ugonjwa mwingine. Mabomba yake ni ya chuma, na ndani yamejaa kutu hadi njia ya maji imebaki nyembamba. Maji yakawa hafifu, mwenye nyumba anafunga pampu. Pampu inasukuma, bomba lililochoka linapasuka, analaumiwa fundi wa pampu. Na pale watu wanapovuta maji ya kisima yenye chumvi kwa bomba la chuma, kutu inakuja mbio zaidi.

Kwetu ghorofani, jumba ni jipya na mabomba ni ya plastiki yale yanayounganishwa kwa moto. Hayashiki kutu, kweli. Lakini mashine ya kuyaunganisha inataka umeme, na bomba lazima liwe kavu kabisa. Umeme ukikatika, au maji yakiendelea kudondoka kutoka tangi la juu kwa sababu hakuna anayeijua koki ya kulifunga, fundi hodari namna gani atakaa akisubiri. Wakati huo maji yanashuka kwa jirani wa chini. Niliwahi kuamshwa na mama wa chini yetu aliyekuwa amebeba mtoto, dari yake inatiririka pembeni mwa taa. Kabla ya kuulizana maji yametoka wapi, tulizima swichi kuu ya umeme. Hilo lisisahauliwe na mtu yeyote.

Kwa nini yote haya hutokea usiku maji yanaporudi? Kwa sababu maji yetu hayatoki hapa. Yanatoka Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, yanatoka Baricho, Marere na Tiwi, na hayatoshi, kwa hiyo tunagawiwa kwa zamu. Siku za ukame mabomba ya nyumbani yanajaa hewa. Yakifunguliwa, maji yanaisukuma hewa mbele yake kwa kishindo, na palipo dhaifu ndipo panapopasuka. Halafu kuna mifereji iliyoachwa wazi siku kavu na kusahauliwa.

Kuna anayeniambia ninakuza mambo, kwamba kuvuja ni kuvuja. Basi tupige hesabu. Bomba linalojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika kumi linamwaga lita 120 kwa saa, lita 2,880 kwa siku. Hiyo ni mitungi 144, katika mji ambao mtu anasukuma mkokoteni juani kumuuzia mwenzake mtungi mmoja mmoja.

Kwa nyanya tulimpata fundi mwingine, mzee wa mtaa wa pili. Alisalimu, akaketi, akanywa kahawa. Kisha akaweka kiganja ukutani, akakitembeza taratibu hadi alipopahisi baridi. "Nyumba hii aliijenga nani? Na maji yaliingizwa lini?" Ami akamweleza alichokikumbuka. Mzee hakuligusa tena bomba la ukutani. Aliliziba mwanzoni na mwishoni, akapitisha jipya nje, juu ya ukuta wa ua, mahali ambapo mtoto anaweza kuliona likivuja. Simiti ya yule wa kwanza aliibandua yote, akaacha ukuta wazi kwa wiki kadhaa za kaskazi, ndipo akaurudishia chokaa. Boriti iliyooza tunaitafutia fundi seremala.

Koki mpya tumeipaka rangi nyekundu, na kila Ijumaa mmoja wetu anaizungusha isigande. Nyuma ya mlango wa jiko shangazi amebandika karatasi yenye mchoro wa mabomba yote tunayoyajua. Limebaki moja, linaingia ardhini karibu na kisima, na hakuna ajuaye linakwenda wapi. Ami anasema zamani lilipeleka maji kwa jirani. Tutalifukua kabla ya masika.