Maneno manne kwa wiki yanatosha

Mpe mtoto wa darasa la pili wa kule Machame, mlimani Kilimanjaro, sentensi hii asome: "Nahodha aliteremsha nanga karibu na gati." Ataisoma bila kukwama. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, irabu zake ni tano tu, na mtoto akishazishika silabi hakuna neno la kumtisha. Sasa muulize nahodha ni nani na nanga ni nini. Kimya. Au atakujibu kwamba Nanga ni jina la mtu.

Wepesi wa maandishi yetu ndio unaoficha ugonjwa. Anayejifunza kusoma Kiingereza hukwama mapema na kila mtu anaona, maana herufi zenyewe zinamsumbua. Wa kwetu anatiririka. Mwalimu anaweka vema, mzazi anafurahi kwamba KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) zimekamilika, na shida inakuja kuchomoza darasa la tatu au la nne, vitabu vinapoachana na "baba analima" na kuingia kwenye "mmomonyoko wa udongo". Hapo ndipo tunapoanza kusema mtoto ni mzito.

Maoni yangu ni kwamba msamiati tunaufundisha kwa wingi mno na kwa juujuu mno. Kila mtu anaijua ile safu ya "maneno magumu": kumi na tano ubaoni, alama ya sawasawa, maana, haya nakilini. Kagua = chunguza. Mtoto asiyejua kukagua hajui pia kuchunguza, kwa hiyo amenakili mafumbo mawili badala ya moja, tena kwa mwandiko mzuri.

Fanya hesabu. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo, yaani karibu wiki 39. Maneno manne kwa wiki, ukitoa wiki za mitihani na zile za mwanzo wa muhula ambazo kila mtu anazijua zilivyo, unabaki na kama 140. Yanaonekana machache mpaka uulize ni mangapi kati ya yale kumi na tano ya jana yamelala kichwani.

Kazi kubwa basi ni kuchagua yapi manne, na hapa naomba twende polepole.

Kuna maneno ambayo kitu chake mtoto anakijua ila jina la kitabuni halijui. Mtoto wa Kibosho anatofautisha mshare, mzuzu na kisukari hata gizani kwa kupapasa, wakati kitabu kinasema "ndizi" kikaishia hapo. Huyo huwezi kumwambia hana msamiati. Mfongo unaopita shambani kwao anaujua toka alipoanza kutembea. Mwambie tu kwamba kitabuni unaitwa mfereji, nusu dakika imetosha. Maneno ya aina hii hayahesabiwi katika yale manne. Na mwache aseme neno la nyumbani kwao. Kumzomea ni kumnyang'anya kigingi cha kutundikia neno jipya. Ila usitegemee tafsiri moja itafaa dawati zima. Moshi mjini wanaweza kukaa pamoja wa Kimachame, wa Kirombo na Mpare. Arusha anakaa wa Kimeru na wa Kimaasai, na lugha hizo mbili hazina hata undugu wa karibu: Kimeru ni ndugu wa Kichagga, Kimaasai kimetoka ukoo mwingine kabisa.

Kuna maneno ambayo kitu hakijui na jina halijui. Nanga, ngalawa, gati, chaza. Kiswahili kimezaliwa pwani na vitabu vyetu bado vina harufu ya chumvi, nasi tunafundisha chini ya Mlima Meru. Hapa maelezo hayasaidii. Onyesha picha, au chora kwa chaki. Neno likiwa kifuu, kitu chenyewe kinapatikana, maana nazi zinauzwa sokoni. Ukishaonyesha, songa mbele. Ngalawa haitarudi tena kwa miezi, haina haja ya kuipa wiki nzima.

Halafu kuna maneno yanayotaja jambo ambalo mtoto analifanya au analiona kila siku, lakini ambayo hayasikii sana nje ya darasa: kagua, linganisha, epuka, sababisha, hifadhi, badala ya, ingawa, hatimaye. Haya yanarudi kila mahali, kwenye hadithi, kwenye sayansi, kwenye maelekezo ya mtihani. Manne yako yatoke hapa. Huko Marekani, Isabel Beck na wenzake wamegawa maneno katika ngazi tatu wakafika karibu na hapohapo: kwamba nguvu ziende kwenye maneno ya katikati. Ila wao hawakuwa na tatizo la bahari na mlima.

Baadhi ya maneno haya yanadanganya, maana mtoto anadhani anayajua. Mtoto wa Arusha amelisikia "hifadhi" tangu utotoni, na kwake ni mahali penye twiga. Akisoma "mama amehifadhi mahindi" anachoka. "Kata" kwake ni ofisi ya mtendaji, pia ni kitendo cha kisu. "Kaa" ni kuketi, ni kaa la moto, na kwa watu wa pwani ni mdudu wa kuliwa. Neno la namna hiyo lifundishe kwa maana iliyo mbele yake siku hiyo, nyingine zitaje kwa sauti na kuziacha.

Hesabu ndizo zinazoumia zaidi. "Asha ana maembe 8. Amemzidi Juma kwa maembe 3. Juma ana mangapi?" Nusu ya darasa watasema 11. Mwalimu anaandika kwamba hawajui kutoa, na anawaongezea mazoezi ya kutoa. Wanajua kutoa! Waandikie 8 − 3 uone. Wasichokijua ni "kuzidi": wakiliona neno wanasikia kuongezeka, na wengine wanalichanganya na kuzidisha. Dawa yake ni vizibo vya soda. Panga safu ya vizibo 8 vya Asha juu ya dawati, chini yake vya Juma, kimoja chini ya kimoja, mpaka vya Asha vitatu vibaki bila mwenza. Vile vitatu visivyo na mwenza ndiyo "amemzidi". Rudia kwa namba nyingine mara nne, tano, mdomo ukisema neno kila mara mkono unapogusa vile vilivyobaki. Dakika kumi, bila kuandika chochote.

Sasa tuchukue neno moja, kagua, tulipitishe. Kipindi ni cha dakika 30. Neno lichukue saba au nane za mwanzo.

Litamke, walirudie, wapige makofi: ka-gu-a. Hapo bado usiandike. Chukua daftari la mtoto wa mbele, lifungue ukurasa mmoja mmoja, kidole kikipita kwenye mistari, simama penye kosa. Kisha chukua la pili, litupie jicho tu ulirudishe. Uliza: daftari lipi nimelikagua? Hiyo hatua ya pili ndiyo inayorukwa na wengi, na bila hiyo mtoto anabaki akidhani kukagua ni kushika daftari. Kisichokuwa mfano kinafundisha sawa na mfano, wakati mwingine zaidi.

Halafu maana, kwa maneno ambayo tayari anayo: kukagua ni kuangalia kitu kwa makini ili kujua kama kiko sawa. Maana ya kamusi iache ofisini, imeandikwa kwa ajili ya mtu mzima. Kisha peleka neno nje ya darasa. Mwalimu wa zamu anakagua kucha mstarini. Trafiki anakagua haisi. Mama anachambua mchele, je, anakagua? Hapa waache wabishane. Wapo watakaosema ndiyo kwa sababu anaangalia kwa makini, na wapo watakaosema hapana kwa sababu anatoa mawe. Usiwaharakishe kwenye jibu; ubishi wa dakika mbili unalikaza neno kuliko kuliimba mara ishirini.

Kisha wao waseme, wawili wawili, kwa kumalizia sentensi: "Dereva alikagua gari kwa sababu..." Hiyo "kwa sababu" usiiondoe. Ukisema tu "tungeni sentensi yenye neno kagua" utapata "Juma anakagua", "Asha anakagua", themanini mfululizo, na hakuna hata moja inayokuonyesha kama neno limeeleweka. Mwisho ndipo neno liandikwe.

Siku ya pili leta ukoo wake: kaguliwa, mkaguzi, ukaguzi. Hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo tunaiacha mezani. Shina moja likishikwa, mengine yanakuja kwa bei ya jioni. Mtoto akijua mpishi ametoka kwa pika na mlinzi kwa linda, mkaguzi atamkisia mwenyewe. Mwache akisie kwanza. Na kwa sababu hiyohiyo usimpe mtoto wa darasa la pili kamusi halafu umwache nayo peke yake: atatafuta "wamekaguliwa" kwenye W, hatalipata, ataamua kwamba neno hilo halipo. Kwanza afundishwe kuvua neno nguo zake, wa-me-kagu-liwa, na hilo ni la darasa la tatu kwenda juu.

Kadi ni rahisi. Karatasi moja ya manila ukiikunja mara nne inakupa vipande 16, ambavyo ni maneno ya mwezi mzima. Andika kwa makapeni nene, herufi ndogo, zenye urefu wa vidole vitatu ili wa dawati la nyuma asome. Herufi kubwa tupu zinaharibu sura ya neno. Mtoto anayelijua "kagua" kwa umbo lake hatalitambua KAGUA. Zitundike kwa vibanio kwenye kamba ya katani, uzishushe jioni kama darasa halina dirisha la kufunga. Kadi za kununua zenye picha za tofaa na treni sina haja nazo.

Na swali la "mmeelewa?" naomba lifutwe. Jibu lake ni "ndiyo mwalimu!" hata kama umefundisha Kilatini. Badala yake toa sentensi mbili: "Fundi alikagua paa kabla ya mvua" na "Mtoto alikagua usingizi." Kidole gumba juu kwa iliyo sawa, chini kwa isiyo sawa, macho yamefumbwa ili wasiigane. Unaona kwa sekunde tatu nani yuko wapi.

Mwaka 1969 Dorothy Frayer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walitoa mchoro wa vyumba vinne: maana, sifa, mifano, na visivyo mifano. Ni mchoro mzuri, lakini kwa mtoto wa miaka saba ambaye kuandika mstari mmoja ni jasho, kuujaza kipindi kizima ni adhabu. Sisi tuna kitendawili kinachofanya kazi ileile kwa mdomo. Kitendawili! Tega! Kutega kitendawili cha neno jipya kunamlazimu mtoto ajue linafanana na nini, linatofautiana na nini, na alama gani aifiche. Mtoto aliyetega "nina macho makali kuliko yako, nikipita kila kitu kinajinyoosha" kwa jibu la "mkaguzi" huyo hahitaji mtihani.

Kurudia ndiko kunakokufa kwanza ratiba ikibana. Neno la Jumatatu lirudi kabla ya kengele ya kutoka, lirudi Jumanne, lirudi Ijumaa, kisha baada ya mwezi. Ijumaa tenga dakika tano: maneno manane, manne ya wiki hii na manne ya mwezi uliopita, kwa vidole gumba vilevile. Na kila siku sikiliza watoto wanne tu, mmoja mmoja, dakika moja kila mmoja, wengine wakiandika. Darasa la watoto 80 linaisha kwa wiki nne. Hakuna anayeweza kujificha kwenye kwaya zaidi ya mwezi.

Mzazi asiulize "leo mmefundishwa nini?" maana atajibiwa "hesabu". Aulize neno la leo, kisha alitumie yeye mwenyewe akiwa anafunga duka au wakiwa kwenye foleni ya haisi. Hata aliyempeleka mwanawe shule ya mchepuo wa Kiingereza afanye hivyo kwa Kiswahili au Kichagga. Anayejua kulinganisha ni kufanya nini kwa lugha ya kwao, neno la Kiingereza kwake ni jina la pili tu.

Kadi inashuka lini kwenye kamba? Si wiki inapoisha. Siku mtoto akimwambia mwenzake pale bombani, "Kagua ndoo yako kwanza, inavuja," basi ishushe, tundika nyingine.