Mpira wa Kufungia Karatasi

Katika mambo mengine yote mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu, lakini inapokuja habari ya kupanda ndege akili hiyo hubaki nyumbani. Kwa miaka mingi nilikwepa safari za angani kwa visingizio vya kila aina: mafua, mgongo, na mara moja harusi ya binamu ambaye hadi leo hana hata mchumba. Siku ilipofika ambapo kazi ilinilazimu kusafiri kwa ndege kwa saa nne bila njia ya kukwepa, niliamua kuupiga vita woga wangu kwa silaha ambayo mtu aliyesoma huitegemea kuliko zote, yaani kusoma zaidi.

Nikasoma kwa wiki tatu. Nilijifunza kwamba muda mfupi baada ya kupaa marubani hupunguza nguvu za injini, na ndiyo sababu abiria husikia ngurumo ikififia na kuhisi kana kwamba ndege inazama, ilhali bado inapanda. Kwamba mshindo unaosikika chini ya miguu ni magurudumu yanayoingia tumboni mwa ndege. Kwamba bawa limeundwa kupinda, na kabla ya ndege kuruhusiwa kubeba abiria ni lazima ithibitishwe kuwa bawa lake linastahimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa kulielemea likiwa kazini. Nilijua hata kwamba ndege kubwa ikizimikiwa na injini zote ikiwa kimo cha kilomita kumi, haianguki kama jiwe bali huteleza angani kwa zaidi ya kilomita mia moja. Elimu ile ilikuwa na kasoro moja tu: yenyewe ilikaa kichwani, na woga wangu hukaa tumboni.

Kwa ajili ya tumbo nilijiandalia mambo mengine matatu. La kwanza lilikuwa kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. La pili lilikuwa kuchagua kiti cha usawa wa mabawa, kwa sababu sehemu ya katikati haitikiswi sana kama mkia. La tatu, ambalo ndilo lililoniponza, lilikuwa kuvaa mkononi mpira mwembamba wa kufungia karatasi, ili kila wazo la kifo linapochomoza niuvute na kuuachia, maumivu yanirudishe duniani. Ushauri huo nilipewa na mtu aliyeonekana mtulivu sana, na sasa ninadhani utulivu wake ulitokana na kutosafiri.

Tulipopaa nilianza kuhesabu pumzi, na bila kujua nilikuwa nikihesabu kwa sauti. Mama mmoja mtu mzima aliyeketi kando yangu alinisikiliza kwa subira hadi tulipoyapita mawingu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, unahesabu nini?" Nikamjibu kwamba ninahesabu pumzi. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Zikiisha utajua tu."

Saa ya kwanza ilipita salama, ukiacha mkono wangu ambao ulishaanza kuwa mwekundu. Ndipo taa ya mikanda ikawaka, ndege ikaanza kutikisika, na bawa nililokuwa nimelisifu wiki tatu nzima likaanza kupanda na kushuka kama la kunguru mwenye haraka. Yale niliyoyasoma kuhusu msukosuko wa hewa yalinitoka yote kwa pamoja. Nikauvuta mpira kwa nguvu zangu zote, vidole vyangu vyenye jasho vikateleza, nao ukachomoka mkononi, ukaruka juu ya kiti cha mbele na kutua kwenye upara wa mzee aliyekuwa amelala. Mzee alijipiga kofi kichwani kama mtu anayeua mbu, akanung'unika, akaendelea kulala.

Mtu mwenye busara angeuacha mpira uende zake. Mimi nilishaushikilia moyoni kwamba mpira ule ndio unaoiweka ndege angani, na kwa kuwa niliamini umedunda na kurudi chini ya kiti changu, nikainama kadiri mkanda ulivyoniruhusu na kuanza kupapasa. Vidole vikagusa kitu chenye kamba. Nikakivuta, na kikaja mikononi mwangu kifuko chenye jaketi la njano la kuokoa maisha. Nilijua kwamba kulichezea ni kosa, hivyo nikafanya haraka kulirudisha kabla sijaonekana. Lakini kifuko kilikuwa kimekwisha kupasuka, na katika kulisukumasukuma nikakishika kishikio chekundu nilichodhani ni cha kufungia, nikakivuta.

Kichupa cha gesi kilichomo katika jaketi la aina ile hakina mzaha. Kufumba na kufumbua upande mmoja ulikuwa umejaa na kunibana kidevu, huku upande wa pili ukining'inia. Kulikuwa na kishikio kingine chekundu, na akili yangu, ile ile iliyosoma wiki tatu, ikaniambia kwamba kama cha kwanza ni cha kujaza, basi cha pili ni cha kupunguza. Niliruka majivu nikakanyaga moto.

Mama alinitazama, akalitazama jaketi, kisha akainama chini ya kiti chake bila kuuliza swali. Abiria wa ng'ambo ya pili wakamwona, nao wakainama. Mtu wa nyuma akapaza sauti kuuliza kama tunaingia majini, na kwa kuwa kinywa changu kilikuwa kimezibwa na mpira wa njano, jibu langu lilisikika kama kilio cha mtu anayezama tayari. Ilibidi mhudumu atangaze kwa kipaza sauti, kwa upole ambao sitausahau, kwamba hakuna dharura yoyote, kwamba tuko juu ya nchi kavu, na kwamba majaketi yote, akisisitiza neno "yote", yabaki chini ya viti.

Msukosuko ulipopungua, alinijia. Alinieleza kwamba jaketi hujazwa baada ya kutoka nje ya ndege, kwa sababu maji yakiingia ndani, aliyelijaza mapema huelea hadi darini na kushindwa kuufikia mlango. Nilimwambia kwamba ninalijua hilo, nimelisoma. Hakusema neno. Alichukua kalamu na kubonyeza kizibo kilichomo katika bomba la kupulizia kwa mdomo, hewa ikaanza kutoka polepole kwa mlio ambao, kwa kuwaheshimu wasomaji, sitaufananisha na chochote. Ulidumu dakika nyingi. Mtoto mmoja alicheka hadi akapaliwa.

Baadaye mhudumu alirudi na fomu, kwa kuwa jaketi lililotumika ni lazima liandikwe na kubadilishwa, akaniomba nimweleze chanzo cha tukio. Nikamwambia ni mpira wa kufungia karatasi. Aliandika maneno mawili, akayafuta, akaniomba nirudie.

Tulitua salama. Yule mzee wa mbele aliposimama kuchukua mzigo wake, mpira ulidondoka kutoka kwenye ukosi wa shati lake. Akauokota, akaugeuzageuza, kisha akanigeukia. "Kijana," akaniuliza, "huu ni wako?"

Nikamwambia kwamba sijawahi kuuona. Mama aliyeketi kando yangu akanikazia macho, akaanza kuhesabu taratibu: moja, mbili, tatu, nne.