Vidole Viwili Kinenani

Presha ya mtoto wa miaka tisa ikisoma 150 kwa 95, wa kwanza kulaumiwa ni mashine. Ndivyo nilivyoshuhudia kwenye kliniki moja Temeke nilikomsindikiza jirani: muuguzi akabadilisha mkanda, akahamia mkono wa pili, akaigonga mashine kidogo. Namba haikushuka. Mama mtu akaongeza, kama kwa bahati tu, kwamba mwanawe akicheza mpira miguu humwishia nguvu, na usiku humchua kwa mafuta ya nazi. Hakuna aliyemgusa kinena.

Wapo madaktari wanaotaka kila mtoto anayefika kliniki apapaswe mapigo ya kinenani na apimwe presha mkononi na mguuni. Aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, kwa watoto wachache huzaliwa umebana, mara nyingi kifuani, jirani na linapochipuka tawi la mkono wa kushoto. Damu hurundikana juu ya mbano na kuwa haba chini yake. Presha ya juu ya mkono ikizidi ya mguu kwa 20 au zaidi, si jambo la kuachia hapo.

Wanaopinga si wavivu. Foleni ya asubuhi inafika getini, mkanda wa presha ni mmoja na ni wa mtu mzima. Ukimfunga mtoto, unasoma chini ya ukweli. Kichanga anayelia ndiyo kabisa. Na tatizo lenyewe huwapata takribani watoto 4 katika kila 10,000 wanaozaliwa. Tukimshuku kila mmoja, foleni ya eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete itajaa watoto wazima.

Kwenye mkanda nawakubalia. Kwenye vidole, hapana. Vidole havinunuliwi, na nepi hubadilishwa hata hivyo. Kichanga ndiye anayekufa haraka: mfereji wa damu aliotumia tumboni mwa mama, unaopeleka damu chini ya mbano, hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa, na mtoto aliyeruhusiwa wodini akinyonya vizuri anarudishwa baridi, anahema. Dawa ya prostaglandini huweza kuufungua tena hadi afikiwe na mpasuaji. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kumpita mtoto huyu. Vidole vya kupapasa navyo hudanganya siku ya kwanza, mfereji ukingali wazi, kwa hiyo virudie hudhurio la wiki ya kwanza.

Kuna mbano adimu zaidi, wa tumboni, karibu na mishipa ya figo. Hapo eko ya kifua pekee haitoshi. Inatakiwa picha ya CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mshipa hadi tumboni. Ubishi nao unageuka: kupasua sasa au kusubiri? Mpira wa kupitishia damu anaowekewa mtoto wa miaka minne haukui naye, na puto la kuupanua mshipa mara nyingi hufuatiwa na mbano mwingine. Dawa hununua muda, ila presha ikishushwa mno figo zinakosa damu. Mimi niko upande wa kusubiri, maadamu moyo na figo vinahimili. Lakini kusubiri huko ni dawa za kila siku na nauli za Muhimbili kwa miaka, na anayezilipa si daktari.

Yule mtoto alipimwa mguuni daktari alipoingia. Ilisoma 92 ya juu. Mama akauliza kama Jumamosi anaruhusiwa kucheza mpira.