Kigango cha Mekatilili

Juzi nilikuwa Malindi, nimejikalia kivulini pale bustani ya Mekatilili na mabuyu yangu mkononi. Akapita mama na mtoto wa miaka kama sita. Mtoto akainua macho kwenye sanamu: "Mama, huyu nani?"

"Huyu ndiye yule wa kuku."

Basi, wakaenda zao.

Nilicheka, ila mama yule hakukosea. Inasimuliwa kwamba mwaka 1913 Arthur Champion, ofisa wa Kiingereza, alipokuja kwa Wagiriama kutaka kodi na vijana wa kazi, Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kumpinga mkoloni, alimwekea mbele kuku na vifaranga, akamwambia achukue kimoja. Champion kunyoosha mkono tu, kuku akamdonoa. Viapo vya mukushekushe (cha wanawake) na fisi (cha wanaume), kufungwa kwake hadi Kisii na kurudi kwa miguu, Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, kulipuliwa kwa baruti mwaka 1914, yote hayo mtoto atayakuta shuleni. Kuku anatangulia.

Wapo wanaonung'unika kwamba sanamu ni mambo ya wazungu, sisi tunakumbukana kwa ngoma na kwa majina ya wajukuu. Hapo nabisha. Mijikenda, Wagiriama wakiwamo, walichonga ukumbusho wa mbao kabla ya bustani yoyote ya mji. Mzee wa chama cha gohu akifa na kuanza kuwajia watu ndotoni, alichongewa kigango: mti mgumu, bapa, kichwa mviringo, mwili umejaa pembetatu ndogo ndogo. Hakifanani naye wala hakikukusudiwa kufanana. Kikishasimikwa hakihamishwi, hata mji ukihama. Kinaachwa na mvua na mchwa mpaka kiishe.

Ila gohu ni cha wanaume. Mekatilili, pamoja na yote aliyoyafanya, kwa utaratibu ule asingechongewa kitu. Ndiyo maana naipenda sanamu hii ya Malindi, hata kama mchongaji hakuwahi kumwona usoni. Wajukuu wamempa bibi yao kitu ambacho mababu wasingempa.

Kinachoniuma ni upande wa pili. Yeye tumemsimika mjini, lakini vigango vya wazee viling'olewa usiku mashambani vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia kwenye sebule na makumbusho ya Marekani. Mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver yaliamua kurudisha 30. Mzigo ukafika Kenya 2019. Na hata kikirudi, kinarudi wapi? Aliyekiuza, mara nyingi kijana wa hapa hapa mwenye njaa, hatasema alikitoa boma la nani. Kinabaki kwenye ghala la serikali, kina namba, hakina mwenyewe. Mimi naona pesa za sanamu ijayo, popote itakapokuwa Kilifi, zianze kwa kuvitafutia vigango hivyo kwao.

Kigango hupewa tembo la mnazi. Sanamu hupewa picha za simu, na njiwa nao wana lao. Siku ile sikuwa na tembo, nilikuwa na chupa ya maji. Nikamwaga kidogo pale chini ya miguu yake. Kijana aliyekuwa akijipiga picha akashusha simu, akanitazama, kisha akasogea pembeni kama anayempisha mwendawazimu.